Mugithi Molo: mtuze msanii, lakini soma jina kwanza

Usiku wa Molo ni baridi kweli, lakini gitaa la mugithi likianza, jaketi zinavuliwa. Mugithi ni treni kwa Kikuyu: mnashikana mabega, mnazunguka ukumbi, huku msanii mmoja na gitaa lake akizirudia nyimbo za wakongwe kama Joseph Kamaru, aliyefariki 2018.

Siku hizi kutuza ni kwa simu. Hapo tulia kidogo. Usitume kwa namba uliyosikia meza ya jirani. Uliza till ya msanii, na usome jina kabla ya kuthibitisha malipo.

Nawe mwenye gitaa, meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja si malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla hujakodi spika na gari la kwenda harusini.