Taa Inawaka, Tairi za Mbele Hazivuti

Masika yamechanganya, na pikapu imezama kwenye udongo mweusi wa mbuga. Dereva ameingiza fowili, taa imewaka kwenye dashibodi, lakini zinazorusha tope ni tairi za nyuma peke yake. Za mbele zimetulia tuli. Hapo wengi husema fowili imekufa, na gari likishavutwa hadi gereji, tiba hujulikana hata kabla ya uchunguzi: shusha transifa, ifunguliwe. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na mara nyingi hitilafu haiko huko. Ingeonekana kwa jeki na macho mawili.

Tuanze na taa, maana ndiyo inayodanganya watu. Kwenye gari lenye liva ya fowili na habu za kufunga kwa mkono, swichi ya taa hiyo imekaa kwenye boksi la transifa. Inachojua ni kwamba uma wa ndani umesogea. Haijui lolote kuhusu difu ya mbele, ekseli, wala habu, na huko mbele ndiko mambo mengi huharibikia.

Njia ya nguvu yenyewe ni fupi. Inatoka kwenye gia boksi na kuingia transifa. Ukiingiza fowili, pete yenye meno inasogea na kuzifunga propela mbili, ya mbele na ya nyuma, zizunguke kwa mwendo mmoja. Propela ya mbele inazungusha difu, difu inazungusha ekseli mbili, na ekseli zinazungusha tairi kupitia habu. Kata kiungo kimoja, hakuna kitakachovuta. Hilo fundi yeyote analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kukata upande mmoja tu kunaua pande zote mbili.

Sababu ni tabia ya difu ya kawaida, isiyo na loki. Inaziruhusu tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti, na ndiyo maana gari linakata kona bila kukwaruza, lakini nguvu inayopeleka kushoto na kulia ni ileile. Sasa chukua gari ambalo habu ya kulia imegeuzwa LOCK na ya kushoto imesahauliwa kwenye FREE. Ekseli ya kushoto haijashika kitu, inazunguka bure, kwa hiyo inapokea nguvu ndogo mno isiyofaa kitu. Na kwa kuwa pande zote lazima zipate sawa, ekseli ya kulia nayo inapata hichohicho kidogo, hata kama tairi yake imekanyaga mwamba mkavu. Propela inazunguka, taa inawaka, na gari limebaki kuwa la tairi mbili. Kinachoshangaza ni ukubwa wa kosa hili ukilinganisha na udogo wa kitu chenyewe: kidude cha kugeuza kwa vidole, kimezibwa na tope, kimeishia katikati ya alama mbili.

Habu hizo zina historia yake. Jeep zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa zikizungusha ekseli, difu na propela ya mbele muda wote, hata kwenye lami kavu, zikila mafuta na vyuma bila faida. Mwaka 1948 Mmarekani Arthur Warn akaanza kutengeneza habu za kuachanisha tairi na ekseli. Toyota baadaye ilipita njia nyingine kwenye Hilux nyingi: badala ya habu mbili za mkono, ekseli moja tu ya mbele imekatwa katikati, na pete yenye meno inaiunga au kuiachia. Upande mmoja unatosha, kwa sababu ileile niliyoieleza. Ikiachiwa, kipande cha ndani cha ekseli hiyo huzunguka kinyumenyume na propela husimama.

Basi jinsi ya kuipata hitilafu. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, funga breki ya mkono, kandamiza tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Ingiza fowili, funga habu zote mbili kama zipo, kisha nyanyua tairi moja tu ya mbele na uweke stendi. Jeki peke yake isiaminiwe. Shika tairi hiyo uizungushe kwa mikono. Kwa gari zima itacheza kidogo, labda upana wa vidole vichache kwa sababu ya nafasi za meno ya gia, kisha itagoma.

Ikizunguka, usiitazame tena. Mwambie mwenzako aendelee kuizungusha wewe uchungulie chini ya gari, uangalie propela ya mbele. Kama difu ni ya 4.1, tairi ikimaliza mzunguko mmoja propela huzunguka karibu mara mbili, kwa hiyo hutakosa kuiona. Propela ikizunguka, habu na ekseli ni nzima, tatizo liko transifa. Propela ikiwa imesimama huku tairi inazunguka, achana na transifa. Kiungo kilichoachia kiko kati ya difu na tairi za mbele. (Na usicheke, lakini hakikisha kwanza kama propela ya mbele ipo. Wapo wanaoifungua ikianza kupiga kelele, kisha gari linauzwa hivyohivyo.)

Kwenye magari ya ekseli iliyokatwa, anayesukuma ile pete ni ama mota ndogo ya umeme au kopo la vakyumu lenye mpira ndani. Yenye vakyumu huumwa na mipira yake: miaka ya joto la injini huipasua, hewa inaingia, kopo linakosa nguvu ya kuvuta. Chomoa mpira kwenye kopo, vuta hewa kwa pampu ya mkono. Kopo zima linashikilia mvuto huo, bovu linauachia palepale. Injini ya dizeli huwa na pampu yake ya vakyumu, na kwenye Toyota nyingi za zamani imefungwa nyuma ya jenereta. Pampu hiyohiyo ndiyo inayosaidia breki, kwa hiyo fowili ikigoma siku zilezile pedeli ya breki ilipoanza kuwa ngumu, nenda kwenye pampu.

Za umeme, anza na fyuzi, rilei na soketi zilizo chini ya gari, ambako maji ya madimbwi huotesha kutu ya kijani kwenye pini. Mota nyingine hunasa kwa kukaa bila kazi. Vitabu vya Toyota kwa baadhi ya pikapu zake vinashauri gari liendeshwe kwenye fowili angalau kilomita 16 kila mwezi ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele, lakini wenye magari wa mjini husubiri mpaka wakwame.

Kilomita hizo zisiwe kwenye lami kavu. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli likikata kona kali ya nyuzi 90, tairi za mbele husafiri zaidi ya mita moja kuliko za nyuma. Fowili ya namna hii haina difu ya katikati ya kuimeza tofauti hiyo, kwa hiyo vyuma hujisokota na meno hubanana. Tairi za mbele na nyuma zilizolika tofauti huleta shida ileile hata njia ikiwa imenyooka: tofauti ya asilimia 1 ni mita 10 kwa kila kilomita. Ndipo liva inagoma kutoka, au taa inapepesa bila kutulia. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, na mara nyingi meno yataachia.

Kuna pia fowili isiyoumwa kabisa inayolaumiwa bure. Tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zinazunguka kwenye tope, nyingine mbili zimesimama, na dereva anaapa kwamba mfumo umeharibika. Hapo propela zote mbili zinafanya kazi. Kila difu inagawa sawa, na tairi iliyo kwenye utelezi inapanga kiasi cha mwenzake. Gusa breki ya mguu taratibu huku umekanyaga mafuta kidogo. Breki inaipa tairi inayoteleza kitu cha kupambana nacho, na tairi iliyosimama inapata sehemu yake. Isipotosha, chukua koleo.