Kompyuta imegoma kuwaka: okoeni amana kabla ya mashine

Kila Ramadhani inapokaribia, makatibu wa misikiti na madrasa huketi mbele ya kompyuta mpakato kuandaa orodha: wanaostahiki zaka, mayatima wanaofadhiliwa, waliokwisha kutoa mchango wa futari na wale ambao ahadi zao bado ni ahadi. Zamani orodha hizo ziliandikwa katika daftari kubwa lenye jalada gumu, likafungiwa kabatini. Leo zimo ndani ya chombo chenye uzito wa kilo mbili hivi, ambacho asubuhi moja kitufe chake hubonyezwa kikakaa kimya kama jiwe.

Majumbani hali ni hiyohiyo. Katika laptopu moja ya familia mna tasnifu ya binti aliye chuo kikuu, hesabu za duka la baba, kumbukumbu za anayedai na anayedaiwa, na picha za bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mna pia picha za harusi ambamo mama na mabinti wamekaa bila mitandio, kwa kuwa waliokuwapo walikuwa wanawake wenzao na maharimu wao.

Mashine inapogoma, swali linalosikika kwanza ni moja: itapona? Swali hilo ni halali, lakini si la kwanza kwa uzito. La kwanza ni kama vilivyomo vitapona. Mambo haya mawili watu huyachanganya, na dawa ya moja huweza kuwa sumu ya jingine. Mashine nyingine hupatikana dukani, mpya au iliyotumika. Orodha ya mayatima haiuzwi popote.

Tuanze na neno linalojulikana katika kila duka la ufundi, kuanzia Kariakoo hadi vichochoro vya Tanga: kupiga Windows. Maana yake ni kuweka upya mfumo mzima unaoiendesha kompyuta. Ni kazi ya muda mfupi, bei yake nafuu, na mara nyingi mashine hurudi ikiwaka vizuri kuliko ilivyokuwa. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ikifanywa kwa njia ya kawaida, diski husafishwa kwanza. Mteja hurudi nyumbani na kompyuta inayong'aa na tupu. Hapo lawama humwangukia fundi, ilhali fundi aliambiwa aifanye iwake, naye akaifanya iwake. Kwa maoni yangu, mafaili mengi yaliyopotea katika jamii yetu hayakuuliwa na hitilafu. Yaliuliwa na tiba iliyoagizwa bila sharti. Sharti lenyewe ni fupi, nalo lisemwe mezani kwa fundi kabla hajashika bisibisi, na liandikwe kwenye stakabadhi: diski isifutwe mpaka mafaili yamekwisha kutolewa.

Hata hivyo, si kila mashine iliyogoma inastahiki kupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo. Yako mambo ambayo mtu yeyote mtulivu aweza kuyatazama sebuleni.

Tazameni kwanza kama kuna dalili yoyote ya uhai. Ikiwa hakuna taa inayowaka wala feni inayovuma, mtuhumiwa wa kwanza ni umeme. Jaribuni soketi nyingine, kisha chaja nyingine yenye vipimo vinavyolingana. Chaja nyingi zimeandikwa volti 19, 19.5 au 20 kwenye kibandiko chake; volti za chaja ya kuazima ziwe sawa na za ile ya asili, na ampea zake ziwe sawa au zaidi, wala si pungufu. Bado kimya? Chomoeni chaja, toeni betri ikiwa ni ya kutoka, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30. Kitendo hiki humwaga chaji iliyosalia ndani ya saketi, na kompyuta nyingi zilizodhaniwa kufa zimeamka kwa hilo tu. Rudisheni chaja peke yake, muwashe. Ikiwa umbo la mashine limevimba chini au kibodi imeinuka, msiendelee na lolote: betri imeharibika na yaweza kushika moto. Izimwe, ichomolewe, iwekwe mbali na watoto na magodoro.

Ikiwa taa zinawaka na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, huenda kompyuta ni nzima na kilichokufa ni kioo. Chukueni waya wa HDMI, muunganishe kompyuta na televisheni. Picha ikitokea kwenye televisheni, furahini, kwa maana mafaili yote mnaweza kuyanakili hapohapo. Kama hamna waya huo, mulikeni kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari. Mkiona picha hafifu, basi ni mwanga wa nyuma ya kioo tu uliozimika. Isipotokea picha popote, hesabuni milio au mimweko ya taa wakati wa kuwasha. Watengenezaji kama Dell na HP wameipa hesabu hiyo maana, na fundi mwenye ujuzi akiambiwa idadi yake huanza kazi akijua pa kutazama. Mara nyingi ni kibao cha kumbukumbu ya muda, kile ambacho mafundi hukiita ramu, kilicholegea au kushika kutu. Sisi wa pwani, wenye hewa ya chumvi na unyevu, tunalijua hilo vizuri.

Hali ya tatu ndiyo inayosumbua wengi: nembo ya kampuni inatokea, vidoti vinazunguka, kisha kioo kinageuka bluu au mashine inajizima na kuanza upya bila kikomo. Hapa watu hukata tamaa mapema mno. Wasomaji watakumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zilipoanguka viwanja vya ndege, hospitalini na katika mabenki sehemu nyingi za dunia, zote zikionyesha kioo cha bluu. Microsoft ilikadiria kwamba zilifika milioni 8.5. Chanzo kilikuwa sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike. Mashine zile hazikuwa zimeungua na mafaili ya watu hayakuwa yamefutika. Kwa nyingi, tiba ilikuwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambamo mfumo hupakia yale ya lazima tu, kisha kuliondoa faili moja lililoleta balaa na kuwasha upya.

Njia hiyo ipo pia katika kompyuta ya nyumbani inayotumia Windows 10 au 11. Iwasheni, na nembo ikitokea shikilieni kitufe cha kuwashia mpaka izimike. Rudieni tena. Mara ya tatu iacheni iendelee. Kwa kawaida itafungua ukurasa wa kujirekebisha. Humo ingieni sehemu ya utatuzi, kisha machaguo ya ziada, kisha mipangilio ya kuwashia. Mashine ikijiwasha upya na kuonyesha orodha, bonyezeni 4. Ikifunguka katika hali salama, msianze kuitibu. Chomekeni flashi au diski ya nje na mnakili mafaili kwanza. Baada ya hapo ndipo muondoe programu iliyowekwa karibuni, au muirudishe mashine katika hali yake ya siku chache zilizopita. Katika ukurasa huohuo kuna chaguo la kuirejesha kompyuta kama ilivyotoka kiwandani. Hilo msiliguse, hata likiahidi kuyaacha mafaili, mpaka nakala ipo mkononi.

Ikishindikana kabisa, kuna mlango mwingine. Mfumo wa Ubuntu, ambao hutolewa bure, huweza kupakiwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia kompyuta nyingine, na mashine mgonjwa ikawashwa kutokea kwenye flashi hiyo bila kugusa mfumo wake. Diski ya ndani hufunguka kama kabati, mkachukua chenu. Kijana aliyesoma kompyuta hata kwa mwaka mmoja hulifanya jambo hili kwa jioni moja.

Isipokuwa kabati limefungwa kwa ufunguo. Kompyuta nyingi za siku hizi husimba yaliyomo kwenye diski kwa BitLocker, na baadhi ya mpya hufanya hivyo zenyewe pale mtu anapojisajili kwa akaunti ya Microsoft, mwenyewe asitambue. Ni ulinzi mwema: mwizi hasomi kitu. Lakini siku ya hitilafu mashine itadai ufunguo wa tarakimu 48, na bila ufunguo huo hata mwenye mali naye hasomi kitu. Katika mkasa ule wa Julai 2024, ufunguo huu ulikuwa kikwazo katika ofisi nyingi zilizokuwa tayari zinaijua tiba. Aghalabu ufunguo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa siku hiyo ya kwanza mara nyingi alikuwa mpwa, au muuza duka, aliyetumia anuani yake mwenyewe. Utafuteni leo wakati mashine ni nzima, mwuandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae pamoja na hati za nyumba na vyeti vya ndoa.

Kuna sauti moja inayobatilisha ushauri wote huu. Ikiwa ndani ya kompyuta mnasikia tik, tik, tik yenye mpangilio, au mkwaruzo wa chuma, hiyo ni diski ya kuzunguka inayokufa. Zimeni papo hapo. Ndani yake kuna visahani na vichwa vinavyosoma vikielea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele; kila mnapoiwasha tena, vichwa hivyo huweza kukwangua kilichobaki. Huyo ni mgonjwa wa mtaalamu wa kuokoa data, wala si wa majaribio ya sebuleni. Diski za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka hazitoi sauti. Hufa kimya, mara nyingine bila onyo lolote.

Sasa tufike dukani kwa fundi, mahali ambapo familia za Kiislamu zina jambo la kuliangalia zaidi ya bei. Kumkabidhi mtu kompyuta pamoja na nenosiri ni kumpa ruhusa ya kutembea vyumba vyote. Surat an-Nur, katika aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba idhini na kuwasalimia wenyewe. Sioni kwa nini folda ya picha za familia iwe na heshima pungufu ya ukumbi wa nyumba. Mafundi wengi ni watu waaminifu, na wako miongoni mwao wanaoinamisha macho bila kuambiwa. Lakini sitara haijengwi juu ya dhana njema peke yake. Hitilafu ikiwa ya chaja, kioo au betri, fundi hahitaji nenosiri la mwenye mashine, msimpe. Akihitaji kuingia ndani, kaeni naye. Na kama diski inatoka kwa skrubu chache, kama ilivyo katika mashine nyingi za zamani kidogo, itoeni na mkae nayo nyumbani. Kioo na kibodi hutengenezeka bila hiyo.

Kwa viongozi wa misikiti na madrasa jambo hili lina upande wa kisheria pia. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na majina ya mayatima, namba za simu za wafadhili na hali za kipato cha wapokeaji zaka ni taarifa binafsi. Katibu anayeiacha kompyuta hiyo kwa fundi asiyemjua ameziacha siri za watu ambao hawakuulizwa.

Tumezungumza juu ya kuokoa. Nakala ya akiba ingefanya mengi ya haya yasihitajike, na gharama yake ni flashi moja na dakika chache kila wiki, tuseme baada ya swala ya Ijumaa, wakati hesabu ya sadaka imekwisha kuingizwa. Mambo ya fedha za watu nisingeyaachia flashi peke yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, ni aya ya kuandikiana madeni, nayo imetaja mwandishi na mashahidi. Maandishi ambayo kitufe kimoja kikigoma hayasomeki hayajatimiza lile lililokusudiwa na kuandika. Basi orodha ya madeni ichapishwe kwenye karatasi kila mwisho wa mwezi, itiwe saini na watu wawili, iwekwe faili. Wazee wetu wenye daftari la jalada gumu hawakuwa nyuma sana.

Na ikiwa fundi amekwisha kusema kwamba mashine haiponi, naye akaomba aachiwe mwili wake kwa ajili ya vipuri, hakuna ubaya. Kioo na kibodi vitamfaa mwingine. Diski ndiyo irudi nyumbani. Madukani kuna makasha madogo ya kuivisha diski ya laptopu ikageuka kuwa diski ya nje ya kuchomeka kwa waya wa USB. Zipo diski za aina mbili au tatu zisizoingiliana makasha, kwa hiyo nendeni nayo dukani mkaipime kabla ya kulipa.