Mechi Nne Zilizofunika Themanini na Mbili

Tampa ni mji wa joto na minazi katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Hata hivyo, tangu 1992 mji huo una timu ya kulipwa ya hoki ya barafuni, Tampa Bay Lightning, na katika msimu wa 2018-19 timu hiyo ilicheza kwa kiwango ambacho NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, ilikuwa imekishuhudia mara moja tu. Ilishinda mechi 62 kati ya 82, ikafikia rekodi iliyowekwa na Detroit Red Wings msimu wa 1995-96. Nikita Kucherov alimaliza na mabao 41 na pasi za mabao 87, akatangazwa mchezaji bora wa ligi. Steven Stamkos alifunga mabao 45, Brayden Point 41, na golikipa Andrei Vasilevskiy akachaguliwa kuwa golikipa bora wa mwaka. Kisha Aprili 10 zikaanza mechi za mtoano, na kufikia usiku wa Aprili 16 yote hayo yalikuwa yamekwisha. Lightning ilifungwa mechi nne mfululizo na Columbus Blue Jackets, timu iliyokata tiketi ya mtoano siku za mwisho kabisa za msimu, na ambayo tangu ianze kucheza mwaka 2000 haikuwahi kushinda hata raundi moja ya mtoano.

Kwa aliyezoea soka la ligi, hapa pana jambo la kueleza. Katika ligi zetu za mpira wa miguu, anayekusanya pointi nyingi ndiye bingwa, na mjadala unaishia hapo. NHL haiendi hivyo. Msimu wa kawaida, ambao mwaka ule ulikuwa wa mechi 82, humpa kinara Kombe la Marais, heshima ambayo mashabiki wengi huihesabu kuwa ya pili. Kombe lenyewe, Kombe la Stanley, hugombewa na timu 16 zinazovuka msimu huo, kwa raundi nne, kila raundi ikichukuliwa na timu ya kwanza kushinda mechi nne kati ya saba. Ndiyo maana timu iliyopata pointi 128 iliweza kufungasha virago mbele ya timu yenye pointi 98. Tangu Kombe la Marais lilipoanzishwa msimu wa 1985-86, kinara alikuwa hajawahi kutolewa raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja. Lightning ikawa ya kwanza, na msimu wake ukabandikwa jina la aibu. Kuna waliodai timu ivunjwe, kocha Jon Cooper afukuzwe, nyota wauzwe kwa kukosa roho ya ushindi.

Naamini madai hayo yalikuwa na kosa la msingi, na kosa hilo linawahusu watu wengi wanaoendesha timu, hata nje ya hoki. Wanaodai hivyo huchukua matokeo ya juma moja wakayapa uzito kuliko ushahidi wa miezi sita, kisha wakauita uamuzi huo ujasiri. Kazi ngumu ya kiongozi baada ya msimu mchungu ni kupambanua sehemu ya kipigo iliyotokana na udhaifu wa kweli na sehemu iliyotokana na bahati, akatibu ya kwanza na kuvumilia ya pili. Uongozi wa Tampa ulifanya hivyo, na namna ulivyofanya inastahili kuangaliwa kwa karibu.

Tuanze na bahati, maana wengi hudhani ni neno la kujitetea. Hoki ya barafuni ni mchezo wa mabao machache. Msimu ule kila timu ilipiga wastani wa mikwaju 31 hivi kwa mechi, ikapata mabao matatu tu. Kisahani cheusi cha mpira mgumu kinachochezewa hugonga fimbo, mguu au kiatu cha kuteleza na kubadili mwelekeo kabla golikipa hajakiona. Washambuliaji huingia na kutoka kila baada ya muda mfupi, kwa sababu kuteleza kwa kasi ile kunachosha mno, hivyo hata nyota mkubwa hukaa barafuni dakika 20 hivi kati ya 60. Anayekaa dakika zote ni golikipa, na golikipa aliyewaka kwa siku kumi anaweza kuzima kazi ya mwaka mzima ya wapinzani. Washington Capitals waliyaona hayo mwaka 2010. Walikuwa na pointi 121, wakaongoza Montreal Canadiens kwa mechi 3 kwa 1, kisha Jaroslav Halak akasimama langoni. Katika mechi ya sita pekee alizuia mikwaju 53, na Montreal, yenye pointi 88, ikasonga mbele.

Ongeza ukomo wa mishahara. Tangu 2005-06 hakuna timu inayoruhusiwa kutumia zaidi ya kiwango kilichopangwa, na msimu wa 2018-19 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 79.5. Tajiri hawezi kununua nyota wote, na pengo kati ya timu ya kwanza na ya kumi na sita ni dogo kuliko jedwali linavyoonyesha. Matokeo yake yako wazi. Katika misimu 20 kuanzia 2005-06 hadi 2024-25, vinara wa msimu wa kawaida waliotwaa Kombe la Stanley ni wawili tu: Detroit mwaka 2008 na Chicago Blackhawks mwaka 2013. Sita walitolewa raundi ya kwanza. Na mwaka ule ule wa 2019, vinara wote wanne wa makundi ya ligi, yaani Tampa, Washington, Nashville na Calgary, waliaga katika raundi ya kwanza. Bingwa akawa St. Louis Blues, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi nzima mwanzoni mwa Januari. Anayeona hayo yote na bado akasema Tampa ilianguka kwa sababu wachezaji wake hawakuwa na moyo, ana deni la kueleza kama wote wanne walipoteza moyo kwa pamoja.

Lakini kuna pingamizi zito, nami silipuuzi. Mabao ya mechi zile nne yalikuwa 19 kwa 8. Mechi ya kwanza Tampa iliongoza 3-0 baada ya kipindi cha kwanza, ikafungwa 4-3. Ya pili ilikuwa 5-1, ya tatu 3-1, ya nne 7-3. Huo ni ushindi wa kishindo, na bahati peke yake haiuelezi. Kocha wa Columbus, John Tortorella, ambaye ndiye aliyeiongoza Tampa kutwaa kombe la 2004, aliwaagiza vijana wake wabanane na wapinzani tangu nyuma kabisa, wawagonge, wawanyime nafasi ya kupanga pasi zile nzuri zilizokuwa zimeitesa ligi nzima. Tampa haikuwa na njia ya pili. Timu iliyozoea kushinda kwa ufundi ilipokosa ufundi ilikosa pia subira. Dakika za mwisho za mechi ya pili Kucherov alimsukuma Markus Nutivaara wa Columbus ukutani, akafungiwa mechi iliyofuata. Beki tegemeo Victor Hedman aliumia na kukosa mechi mbili za mwisho. Lipo pia jambo lisilotajwa sana: Tampa ilikuwa imejihakikishia nafasi ya kwanza tangu katikati ya Machi, ikacheza majuma matatu bila cha kupigania, wakati Columbus ilikuwa ikicheza kila mechi kana kwamba ni fainali. Ulikuwepo udhaifu, basi, na ulikuwa na jina: timu haikujua kushinda mechi mbaya, zile za mikikimikiki na mabao mawili.

Meneja mkuu Julien BriseBois alikuwa na miezi michache tu kazini, baada ya kumrithi Steve Yzerman Septemba 2018. Kwa mtu mgeni kwenye kiti, kishawishi cha kuonyesha mabavu ni kikubwa. Angeweza kumuuza nyota mmoja na magazeti yakamsifu kwa siku tatu. Alichofanya ni kuwabakisha Kucherov, Stamkos, Point, Hedman na Vasilevskiy, akambakisha na Cooper, halafu akashughulikia lile pengo. Alimleta Pat Maroon, mshambuliaji mwenye mwili na mikono mizito aliyetoka kutwaa kombe na St. Louis. Akawachukua mabeki wazoefu Kevin Shattenkirk na Luke Schenn. J.T. Miller alipelekwa Vancouver, hasa kwa kubanwa na ukomo wa mishahara, na Tampa ikapata haki ya Vancouver ya kuchagua kijana katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Februari 2020 haki hiyo hiyo ikatumika kumpata Blake Coleman kutoka New Jersey, na haki nyingine ya raundi ya kwanza ikatumika kumpata Barclay Goodrow kutoka San Jose. Wengi walishangaa, kwa kuwa hao wawili hawakuwa nyota. Walikuwa wachapakazi wa kuzuia, kufukuzia kisahani kwenye kona na kujitupa mbele ya mikwaju. Wakipangwa pamoja na Yanni Gourde, walikuwa safu ya tatu iliyowakera wapinzani kuliko safu nyingi za kwanza.

Mtihani ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Msimu ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na mechi za mtoano zikachezwa miezi baadaye katika miji miwili ya Kanada, Toronto na Edmonton, bila watazamaji. Katika raundi ya kwanza mpinzani wa Tampa akawa Columbus tena. Mechi ya kwanza, Agosti 11, ilikwenda vipindi vitano vya nyongeza, zaidi ya dakika 150 za mchezo. Golikipa Joonas Korpisalo wa Columbus alizuia mikwaju 85, rekodi ya NHL. Ilikuwa mechi ya aina ile ile iliyoishinda Tampa mwaka uliotangulia: ngumu, yenye uchovu, isiyo na nafasi ya madoido. Safari hii timu ilivumilia hadi Point akafunga la tatu. Mechi ya tano nayo Tampa ilikuwa nyuma 4-2, ikasawazisha, na Point akaimaliza tena katika muda wa nyongeza. Septemba 28 Lightning iliifunga Dallas Stars na kutwaa Kombe la Stanley. Mwaka uliofuata ikalitetea dhidi ya Montreal, na mwaka 2022 ikafika fainali ya tatu mfululizo, ikafungwa na Colorado Avalanche.

Msomaji makini atasema haya ni rahisi kuyasema baada ya tukio. Tampa ilishinda, kwa hiyo subira inaonekana hekima. Ingefungwa na Columbus mara ya pili, ningeiita ukaidi. Pingamizi hili lina haki yake, na mfano wa Boston Bruins unalipa nguvu. Msimu wa 2022-23 Boston ilivunja rekodi ya ushindi na ya pointi: ushindi 65, pointi 135. Ikaongoza Florida Panthers mechi 3 kwa 1 katika raundi ya kwanza, kisha ikafungwa tatu mfululizo, ya mwisho ikiamuliwa na bao la Carter Verhaeghe katika muda wa nyongeza. Boston haikufufuka kama Tampa. Patrice Bergeron na David Krejci, viungo wake wawili wakongwe, walistaafu kiangazi kile, na kufikia 2025 timu haikuingia hata mtoano. Subira, basi, haina dhamana. Inafaa pale ambapo msingi bado ni mchanga, na wachezaji muhimu wa Tampa wakati ule walikuwa katika miaka yao bora au hawajaifikia bado: Point alikuwa na umri wa miaka 23, Vasilevskiy 24, Kucherov 25. BriseBois hakuhitaji kuota kombe lijalo ili kuwabakisha. Umri wao na mechi 82 walizotoka kucheza vilitosha kumwonyesha kwamba kuwauza kungekuwa hasara. Uamuzi wake ungekuwa sahihi hata kama Korpisalo angezuia mkwaju mmoja zaidi.

Wapo pia watakaosema kwamba shabiki hanunui tiketi ili aelezwe habari za uwezekano. Amefuata timu tangu Oktoba, ametoa pesa yake na jioni zake, na ana haki ya kukasirika. Nakubaliana naye kabisa. Hasira ya shabiki ni sehemu ya upendo wake, na timu isiyomkasirisha mtu imekwisha kufa. Ila shabiki na meneja hawana kazi moja. Shabiki huishi na mechi ya jana. Meneja analipwa aone miaka mitatu mbele, na akianza kuamua kwa hasira ya jukwaani, huyo shabiki ndiye atakayeumia baadaye.

Angalia walivyofanya washindi wa mechi zile nne za 2019. Februari 2019 uongozi wa Columbus ulijua kwamba mikataba ya Artemi Panarin na golikipa Sergei Bobrovsky inaisha kiangazi. Haukuwauza. Uliongeza na wengine, akiwemo Matt Duchene, ili kutupa karata zote mezani kwa mwaka ule mmoja. Mashabiki wa Columbus walipata juma lisilosahaulika, na siwaonei wivu hata kidogo kwa furaha hiyo. Raundi iliyofuata Boston iliwatoa. Julai Panarin akaenda New York, Duchene akaenda Nashville, na Bobrovsky akaenda Florida, ambako ndiye aliyekuwa langoni Boston ya pointi 135 ilipong'oka, na ambako alitwaa Kombe la Stanley mwaka 2024 na tena 2025. Columbus, kuanzia 2021 hadi 2025, haikuingia mtoano hata mara moja.