Panya Darini, Mhogo Shambani

Wageni hufika Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, kwa ajili ya kutazama. Ukiwa juu ya genge lile macho hushuka mpaka Mazinde na nyika ya Umasai. Wataalamu wa magonjwa wameijua milima hii ya Usambara kwa mambo mengine kabisa. Vijiji vya juu vilisumbuliwa na tauni kwa zaidi ya miaka 20, na kwenye vilima vya chini vya Usambara ndiko mtaalamu H. H. Storey alikoueleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa wa mihogo wa michirizi kahawia. Tauni husababishwa na bakteria na huua watu. Michirizi husababishwa na kirusi na huozesha chakula chao. Watafiti wa magonjwa haya hawakai hata katika jengo moja. Lakini ukifuatilia namna yalivyopigwa vita, magonjwa haya mawili yanaelekea pamoja: dawa, hata inapokuwapo, ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kukata njia anayopita kimelea, na njia hiyo hupita darini, jikoni na kwenye mzigo wa mbegu.

Tauni iliingia kwenye kumbukumbu za Lushoto mwaka 1980, ikianzia kijiji cha Mkunki. Hadi kufikia 2004 wagonjwa 7,603 walikuwa wameandikishwa, na 624 kati yao walifariki, yaani takriban mmoja katika kila 12. Tauni ya mitoki isiyotibiwa huweza kuua nusu ya wagonjwa au zaidi, kwa hiyo anayesema kwamba streptomisini iliokoa roho nyingi Lushoto hakosei. Tatizo ni kwamba dawa hiyo ilikuwapo miaka yote hiyo, na wagonjwa waliendelea kuja. Aliyepona alirudi kwenye nyumba ileile: mahindi yamehifadhiwa darini, panya wanashuka usiku, watoto wamelala kwenye mkeka sakafuni. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria huzaana tumboni mwake mpaka njia ya chakula inaziba. Hapo anakuwa na njaa isiyokwisha. Anauma tena na tena, na damu anayoshindwa kuimeza huirudisha kwenye jeraha pamoja na vijidudu. Watafiti waliohesabu viroboto katika nyumba za Lushoto walikuta kwamba vijiji vilivyopata tauni mara kwa mara ndivyo vilivyokuwa na viroboto wa binadamu kwa wingi zaidi. Matokeo hayo yanatupeleka sakafuni na kitandani kabla ya kutupeleka zahanati.

Basi tuwaue panya, atasema mtu. Jibu hilo linaonekana la busara, na linaweza kuua. Panya akifa mwili unapoa, na viroboto wake wanatafuta damu nyingine yenye joto. Aliye karibu ni mtoto kwenye mkeka. Ndiyo maana kanuni ya udhibiti ni kuwamaliza viroboto kwanza kwa dawa ya wadudu, ndipo mitego na sumu za panya zifuate. Kukosea mpangilio huu ni kuharakisha kile unachokimbia.

Kwa mhogo mambo ni makali zaidi, kwa sababu dawa haipo kabisa. Hakuna cha kupulizia kitakachokitoa kirusi ndani ya mmea. Isitoshe, michirizi kahawia ni ugonjwa mjanja: majani yanaweza kuonekana mazuri, shamba likasifiwa na wapita njia, kisha siku ya kuvuna mama anaupasua mhogo kwa kisu na kukuta mabaka makavu ya rangi ya kahawia ndani ya nyama yake. Nzi weupe hukisogeza kirusi hatua chache tu, shamba kwa shamba. Anayekivusha wilaya nzima ni binadamu mwenye mzigo wa pingili. Storey na wenzake katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, waliliona hilo mapema, wakaelekeza nguvu kwenye mmea wenyewe: waliuzalisha mhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake wa porini, mpira wa Ceara, wakapata aina zinazohimili ugonjwa. Uzao wa kazi ile ulifika mpaka Nigeria na ukatumika kuzalisha mihogo inayovumilia batobato, ugonjwa mwingine wa mhogo.

Kuna pingamizi zito zaidi: kumwambia maskini abadilishe dari, kitanda na mbegu ni kumtwisha lawama ya umaskini wake. Ni kweli, kama maneno ndiyo yote anayopewa. Ghala la nje na pingili safi vina gharama, na gharama hiyo ni ya kinga ya umma kama ilivyo chanjo. Wengine watauliza kwa nini tulipe leo ilhali Lushoto imetulia. Wilaya ya Mbulu nayo ilikuwa imetulia miaka mingi, tauni ikarudi mwaka 2007. Madagaska mwaka 2017 ilipata wagonjwa zaidi ya 2,300 katika miezi michache. Hata michirizi kahawia ilidhaniwa haiwezi kushamiri juu ya mita 1,000, mpaka ilipoibuka Uganda mwaka 2004. Kwa tauni angalau ishara hutangulia: panya huanza kufa ovyo kabla mtoki wa kwanza haujavimba kwa mtu. Mwenye nyumba asiwashike kwa mkono mtupu, na ofisi ya kijiji ikipokea taarifa hiyo iipeleke wilayani siku hiyohiyo, isiichukulie kuwa ni habari za panya tu.