Kompyuta ilisema stendi ya tangi ni salama, fundi akakataa

Picha ilikuwa samawati kutoka juu hadi chini. Kama umewahi kutumia programu za kuchora vifaa vya uhandisi unajua raha ya hiyo rangi. Samawati ni chuma kimebeba mzigo na hakijatoka hata jasho. Nyekundu ni kuna mahali kinalia. Mchoro wangu haukuwa na nyekundu wala njano. Nikabeba laptopu hadi kwa fundi mmoja pale Kariobangi Light Industries, nikaiweka juu ya benchi katikati ya vumbi la grainda, nikamwambia, "Mzee, kazi imeisha. Tukate chuma."

Mzee akainua miwani yake ya kuchomelea, akaangalia kioo.

"Hizi miguu ni inchi ngapi?"

"Skwea tyubu ya inchi moja."

"Na urefu?"

"Mita tatu."

Akacheka, akashusha miwani. "Kijana wangu, hii itapiga magoti."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimekesha na huo mchoro siku mbili, na hapa kuna mtu ambaye hajawahi kufungua programu hata moja ananiambia kwa sentensi moja kwamba nimeharibu. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Landilodi mmoja alitaka kuinua tangi la lita 1,000 ili maji yafike ghorofa ya kwanza kwa presha. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi likijaa una tani nzima inaning'inia hewani. Na chini ya stendi za tangi kwenye ploti zetu unajua nani hukaa. Wamama wanafua, watoto wanacheza. Hasira iliisha kabla sijafika steji ya matatu, swali la mzee likabaki.

Wacha niseme mapema kwamba mimi si injinia. Niliingia chuo kusomea uhandisi wa mitambo, karo ikanishinda, nikatoka bila karatasi. Nilichotoka nacho ni kuchora kwa kompyuta, na siku hizi mafundi kadhaa wa mtaa hunitafuta niwachoree geti, mashine za kukata nyasi za ng'ombe, fremu za mikokoteni. Natumia FreeCAD, ambayo ni ya bure kabisa, si ile "bure" ya kupakua faili lililovunjwa usiku kwa bando ya mtu. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024 baada ya miaka mingi ya kuitwa sifuri nukta kitu.

Ndani ya FreeCAD kuna sehemu ya simulesheni, yaani kukijaribu kitu kabla hakijatengenezwa. SolidWorks nayo ina kadogo kake kanaitwa SimulationXpress, na Fusion ya Autodesk ina yake. Hapo zamani hii ilikuwa kazi ya watu wachache wenye mashine kubwa. Programu ya NASTRAN, mojawapo ya zilizoanzisha mambo haya, ilitengenezwa kwa ajili ya NASA miaka ya 1960, wakati wa kupeleka watu mwezini. Leo iko kwenye kitufe kando ya mchoro, na mtu kama mimi anaibonyeza akiwa Umoja na laptopu ya mtumba inayopiga kelele kama pasi ya mvuke.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unaiambia programu kitu ni cha chuma gani. Unaonyesha kimeshikiliwa wapi. Unaweka mzigo. Kisha inakata mchoro vipande vidogo vidogo mithili ya wavu, wenyewe huita meshi, inapiga hesabu ya kila kipande kikivutana na jirani yake, halafu inapaka rangi. Ndani ya FreeCAD anayepiga hesabu kwa kawaida ni programu nyingine ya bure inayoitwa CalculiX. Dakika chache, umepata picha.

Na hesabu yangu haikuwa na makosa. Hilo ndilo lililonisumbua. Tani moja ukigawa kwa miguu minne ni kilo 250 kila mguu. Tyubu ya inchi moja yenye ukuta wa milimita 1.5 inapata mkazo wa karibu megapaskali 18. Chuma cha kawaida cha mtaani huhesabiwa kwamba kinaanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Yaani nilikuwa salama karibu mara 14! Nani angekataa hiyo?

Nilirudi kesho yake na hizo namba. Mzee hakubishana. Alichomoa bledi ya haksoo, akanipa upande mmoja, akashika mwingine. "Vuta." Tukavuta kama watoto wanaogombania kamba. Haikufanya kitu. Kisha akaisimamisha juu ya benchi, akaweka kidole juu yake, akabonyeza taratibu. Bledi ikajikunja kama upinde.

"Imevunjika?" akauliza.

"Haijavunjika."

"Na tangi liko wapi?"

Tangi liko chini, mzee.

Mambo yako hapo, na shuleni nilikuwa nimefundishwa, ila nilikuwa nimeiacha kwenye daftari. Mguu mrefu mwembamba hausubiri chuma kichoke. Unajikunja kando ukiwa bado na nguvu zake zote. Simulesheni ya kawaida, ile inayofunguka yenyewe ukibonyeza kitufe, haijibu swali hilo. Inauliza tu: mkazo umefika wapi? Nami nilisoma jibu lake kana kwamba nilikuwa nimeuliza: itasimama?

Usiku huo nilifungua mipangilio ya CalculiX. Kuna mahali pa kuchagua aina ya uchambuzi, na mojawapo ni hiyo ya kujikunja. Ilikuwa hapo wakati wote, mstari mmoja chini ya macho yangu. Nikaichagua, nikaendesha. Uchambuzi huu haukupi rangi za mkazo, unakupa namba: mzigo wako uzidishwe mara ngapi ndipo stendi ijikunje. Nilikuwa natarajia hata 5. Ikaja 1.1 na ushee.

Na hiyo 1.1 ilikuwa ya huruma, kwa sababu nilikuwa nimeiambia programu kwamba miguu imegandishwa kabisa chini, kama imezikwa ndani ya zege. Landilodi alitaka isimamishwe juu ya silabu, basi. Nikaachilia nyayo ziweze kuzunguka kidogo, vile ingekuwa kweli. Namba ikaanguka chini ya 0.3. Kwa lugha ya kilo, kila mguu ungevumilia kama kilo 73, na mimi nilikuwa nataka kuupa 250. Stendi yangu ya samawati ingeanguka kabla tangi halijafika nusu.

Nilizima laptopu nikakaa gizani kidogo.

Kuna watu watasema ni kwa sababu sikumaliza chuo. Labda. Lakini waliomaliza pia hupigwa na kitu hiki hiki. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger kule Norwe, msingi wa zege wa jukwaa la gesi na mafuta la Sleipner A ulikuwa unazamishwa taratibu kwa majaribio. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, jitu lote likazama. Waliokuwa ndani waliokolewa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700. Uchunguzi ulirudi kwenye kompyuta. Walikuwa wametumia NASTRAN hiyo hiyo, na programu haikukosea. Meshi ndiyo ilikuwa na vipande vikubwa na vilivyopinda vibaya pale kuta zinapokutana, hivyo nguvu ya kukata ukuta ikahesabiwa pungufu kwa asilimia 47. Nondo nazo hazikutosha mahali pale pale.

Tangu hiyo siku nimekuwa na tabia ya kuishuku picha, hata ikiwa mbaya. Kwa sababu nyekundu nayo hudanganya. Kwenye kona ya ndani iliyochorwa kali kabisa, ukizidi kupunguza vipande vya meshi mkazo unapanda tu, unapanda, hauna mwisho. Si chuma kinalia hapo, ni hesabu. Nilipoteza wiki moja nikinenepesha bamba fulani kwa sababu ya kona kama hiyo, na mwenye bamba akalipia chuma ambacho hakukihitaji. Samahani kwake.

Halafu kuna mambo ambayo programu haiwezi kuyajua usipoyasema. Kwenye kioo kila kiungo kimeungana vizuri, kana kwamba tyubu mbili zilizaliwa pamoja. Nenda karakana uone welda aliyefululiza tangu asubuhi anavyounganisha ya jioni. Tena nimejifunza kutembea na venia kaliper. Unalipia tyubu ya milimita 1.5, ukipima unapata 1.2, na muuzaji anakuangalia kana kwamba umemtukana. Siku hizi naandika kwenye programu kile nilichopima, sio kile kilichoandikwa kwenye risiti.

Stendi tuliyojenga haifanani na ile ya kwanza. Miguu ni anglaini ya inchi mbili. Katikati tulifunga mkanda wa kuzunguka, maana mguu ukiushika katikati urefu unaoweza kujikunja unakuwa nusu, na ukiwa nusu uwezo wake unapanda mara nne. Mzee alikuwa anafanya hivyo miaka yote bila kujua hiyo mara nne, na nilipomwambia alifurahi sana, akawa anawaambia wateja. Kila upande tukaweka vyuma vya mshazari ili isiyumbe, na nyayo tukazifunga kwa bolti kwenye msingi. Niliendesha uchambuzi wa kujikunja tena, nyayo zikiwa zimeachiliwa makusudi. Zamu hii namba ilikaa juu ya 5.

Landilodi alilalamika kuhusu bei. Alisema stendi ya jirani yake ni nyembamba na imesimama miaka miwili. Nilitaka kumwonyesha grafu, nikaona macho yake yanaenda kwingine. Mzee akachukua ile bledi ya haksoo kwenye benchi, akampa upande mmoja.

"Vuta," akamwambia.

Alilipa deposit jioni hiyo. Mzee naye siku hizi nikimpelekea mchoro haulizi rangi. Anasukuma kiti, anakaa, anasema, "Leta ile namba ya magoti kwanza."