Kuendesha Vikao vya Usomaji wa Vitabu Vipya Likoni

Kikao cha usomaji ni mkutano ambamo mtunzi huwasomea watu sehemu ya kitabu chake kipya, kisha akaulizwa na akajibu. Makala haya yanaeleza jinsi mfululizo wa vikao hivyo unavyofaa kuendeshwa Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, na kwa nini jambo hilo linawahusu wataalamu wa lugha kama linavyowahusu wauza vitabu.

Katika Mvita, utungo kusikizwa kabla ya kusomwa si jambo geni. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalidumu vinywani mwa watu hata mwishoni mwa karne hiyo, ndipo Mwalimu Sikujua akamsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na diwani iliyohaririwa na William Hichens haikutoka mpaka 1940. Kwa muda mrefu, basi, wasikilizaji ndio waliokuwa maktaba yake.

Siku hizi njia ya kitabu ni nyingine. Wachapishaji wengi wakubwa wa Kenya wako Nairobi, na soko lao kuu ni shule. Kitabu kisichoteuliwa kutahiniwa aghalabu hukosa wasomaji, na kilichoteuliwa husomwa kwa ajili ya maswali ya mtihani. Kikao humrudishia mtunzi hadhira isiyotafuta alama.

Faida ya pili ni ya kilugha. Maandishi ya kawaida hayatofautishi paa la nyumba na paa wa mwituni, wala kaa la moto na kaa wa pwani. Msemaji wa Kimvita huzitofautisha jozi hizo kwa mpumuo wa konsonanti ya kwanza. Kadhalika, mshairi akitumia "mato", na mhariri akaandika "macho" kwa kufuata usanifu, mizani husalimika lakini kina huharibika. Jicho huweza kulipita kosa hilo, sikio halilipiti. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971) na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, ni ushahidi kwamba Kimvita chaweza kupigwa chapa na kuheshimiwa. Likoni, ambako Kimvita na Kidigo husikika pamoja na Kiswahili cha wenyeji wa bara, ni mahali pafaapo kuendeleza mtihani huo.

Kuhusu utaratibu, jambo la kwanza ni mahali. Maduka mengi ya vitabu yako kisiwani. Abiria wa miguu hawatozwi nauli ya feri, lakini msongamano wa jioni ni gharama kwa mtu aliyetoka kazini. Ni afadhali mtunzi mmoja avuke kuliko wasikilizaji hamsini. Kikao kianze baada ya sala ya alasiri na kimalizike kabla ya magharibi, siku ile ile ya kila mwezi, ili watu wasihitaji kukumbushwa.

Pili, nakala chache ziazimishwe wiki kadhaa kabla, ili wawepo waliokwisha kusoma. Mtunzi asome kwa muda usiozidi dakika ishirini. Ikiwa ni ushairi, mwenyeji ajuaye mahadhi aghani shairi moja kati ya yale yaliyosomwa; tofauti ya visomo viwili hivyo ndiyo itakayofungua mazungumzo. Vitabu viuzwe mwishoni, na mtunzi alipwe gharama za safari. Sauti zinaswe kwa idhini ya mtunzi na wasemaji wengine, kwani huo ni ushahidi wa matamshi usiopatikana katika maandishi.

Hatari kubwa ni adabu yenyewe. Mgeni hupokewa kwa sifa, na sifa hufunga mlango wa uhakiki. Mwenye kuongoza hana budi kuanza kwa kuuliza juu ya neno au mstari, kabla ya kuuliza juu ya kitabu kizima: kwa nini neno hili, na hapa husemwaje? Msikilizaji asiyethubutu kumkosoa mtunzi hatasita kuitetea lugha ya nyumbani kwake. Pasipo masikio hayo, fasihi mpya ya pwani itabaki na msomaji mmoja tu, naye ni mtahini.