Katavi: Foleni ya Maji Porini

Ndugu msomaji, wewe unayeishi mjini unaijua foleni ya maji. Bomba likikauka siku mbili tatu, ndoo hupangwa tangu alfajiri, na kadiri jua linavyopanda ndivyo maneno yanavyozidi kuwa makali. Jirani mwema wa jana hugombana nawe kwa ajili ya debe moja. Iko foleni nyingine ya namna hiyo magharibi mwa nchi yetu, ambayo ni wachache kati yetu walioiona. Wanaoipanga ni viboko.

Ukitaka kufika huko kwa reli, utapita Tabora, kisha Kaliua, ambako njia ya Mpanda huchepuka kuelekea kusini. Kutoka Mpanda ni kiasi cha kilometa 40 hadi kijiji cha Sitalike, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hata kufikia kilometa za mraba 4,471. Sehemu kubwa ni misitu ya miombo, makao ya palahala na ya mbung'o wasiomhurumia mgeni. Katikati ya misitu hiyo zimetanda mbuga za nyasi, pamoja na maziwa mawili ya msimu, Katavi na Chada. Mto Katuma ndio unaoyalisha maziwa hayo, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa.

Wakati wa masika mbuga hizo hugeuka bahari ya maji na majani. Mwari na yangeyange hujaa, na kila mnyama hupata nafasi yake. Lakini mvua zikiisha, maziwa hunywea, nyasi huwa rangi ya dhahabu, na ifikapo Septemba na Oktoba mto hubaki madimbwi machache. Hapo ndipo foleni inapoanza.

Kiboko hana budi kuwa na maji. Ngozi yake haistahimili jua kali, kwa hiyo mchana kutwa hujizamisha, na usiku hutoka kwenda malishoni. Dimbwi likipungua, mamia yao hubanana mgongo kwa mgongo, nusu majini nusu topeni. Madume, ambao kila mmoja huwa na eneo lake la maji, hupigana kwa meno hadi damu imwagike, na watoto huweza kukanyagwa katika vurugu hizo. Mamba nao hujificha katika mapango ya kingo za mto, wakilaliana humo wakingoja mvua. Makundi makubwa ya nyati na tembo huja kunywa, na simba huwavizia papo hapo.

Pengine utasema kwamba hayo ni maumbile tu, kiangazi hakikuanza leo. Ni kweli. Lakini katika miongo ya karibuni Katuma umekuwa ukikatika katika kiangazi kuliko wazee walivyouzoea. Sababu kubwa iko juu ya mto, nje ya hifadhi, ambako maji huzuiwa na kuchepushwa kwenda mashambani, hasa katika mashamba ya mpunga, na miti ya kando ya mto hukatwa.

Tusikimbilie kumlaumu mkulima. Naye ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa, na mchele wake huliwa mijini, huenda hata katika sahani yako. Hata hivyo, mto mmoja hauwezi kuchotwa na kila mtu apendavyo. Mfereji uliojengwa vizuri hupoteza maji machache kuliko mtaro wa udongo. Kibali cha maji humpa kila mtu fungu lake na kuubakizia mto fungu lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Kilichobaki ni kuitii. Mto ukikatika, wa kwanza kuumia ni kiboko, lakini hatimaye mpunga wenyewe utakosa maji.

Kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju mkongwe unaoheshimiwa na wenyeji kuwa makao ya mzimu wa Katabi, ambaye hifadhi imepewa jina lake. Wazee wa huko waliweka sadaka chini ya mti huo. Usiamini mizimu ukipenda, ndugu msomaji, lakini liangalie lile fundisho: wazee hao walijua kwamba mtu huomba kwanza ndipo achukue, na kwamba achukuapo huwabakizia wenzake. Hata sisi wa foleni ya bombani tunaidai haki hiyo kila siku.